Kutoka Benaco hadi proGres: maendeleo hupimwa kwa kipimo gani?

Majuzi nilikuwa Kasulo. Narudia: Kasulo, yenye "o" mwishoni, kata iliyoko wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Kila nikiitaja watu husikia Kasulu, ambayo iko Kigoma. Hata kwenye chumba chetu cha habari, mhariri alinisahihisha bila kuniuliza, akaweka "u". Herufi moja tu na nikajikuta nimehamishwa mkoa! Kibaya zaidi, kote kuwili kuna historia ya wakimbizi. Kasulu kuna Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kasulo kulikuwa na Benaco. Kwa hiyo ukikosea herufi hiyo kwenye orodha ya wakimbizi, hakuna atakayeshtuka, maana jibu lisilo sahihi nalo linaonekana sahihi. Msomaji, liweke hilo kichwani, tutalirudia.

Nilikwenda kwa kazi nyingine kabisa, habari za malori yanayopita pale kuelekea Rusumo na Rwanda. Jioni nikakaa kwenye kibanda cha chai, pembeni yangu mzee mmoja wa makamo. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika, marahaba mwanangu, akaniuliza natafuta nini kijijini kwao na hiyo kamera. Nilipomwambia mimi ni mwandishi akacheka. "Waandishi tuliwaona wengi hapa mwaka 94. Walikuja wote, wakaondoka wote."

Jina lake sitalitaja. Mwaka 1994 alikuwa kijana aliyemaliza shule, akapata kibarua kambini cha kuhesabu watu. Ndiyo, kuhesabu. Tulizungumza mpaka taa za kibanda zikazimwa, na kwa sababu yake nimeandika makala hii badala ya ile ya malori.

BENACO

Kwa mliozaliwa juzi kama mimi, ngoja nikumbushe. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilisema halijawahi kuona watu wengi hivyo wakivuka mpaka kwa haraka hivyo. Walielekezwa Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya kigeni iliyokuwa na kambi yake pale wakati wa ujenzi wa barabara. Ikasemwa kwamba Benaco umekuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania baada ya Dar es Salaam. Baadaye zikaongezwa kambi nyingine jirani: Lumasi, Musuhura, Lukole.

Sasa fikiria wewe ni mtu wa mashirika. Mbele yako kuna robo milioni ya watu kwenye vilima vya Ngara. Unatakiwa kuagiza chakula. Kiasi gani? Hujui. Huwezi kujua mpaka uhesabu. Na huwezi kuhesabu mpaka watu watulie, na watu hawatulii mpaka wale.

Njia ya mkato iliyotumika mwanzoni ilikuwa kuwatumia viongozi wao. Wakimbizi walipangwa kwa komini walizotoka Rwanda, viongozi wa komini wakatoa orodha, na chakula kikapita mikononi mwao. Tatizo ni kwamba baadhi ya viongozi hao ndio walioongoza mauaji ya kimbari kabla ya kuvuka daraja. Mwenye orodha ndiye mwenye chakula, na mwenye chakula ndiye mwenye watu. Orodha zikavimba. Katikati ya Juni 1994 wafanyakazi wa misaada walizingirwa na umati wenye hasira pale Benaco, ugomvi ukiwa ni kuhusu Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa burgumesta wa Murambi na ambaye alikuwa akitakiwa aondolewe kambini. Huyo huyo alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, pale Arusha, mwaka 2011.

Kwa hiyo suala la nani anahesabu na kwa kutumia nini halikuwa suala la makarani tu. Lilikuwa suala la uhai.

Kwa bahati, Mei 1994, mwezi mmoja tu baada ya watu kuvuka Rusumo, UNHCR ilitoa mwongozo wake wa usajili kwa wafanyakazi wa kambini. Ndani yake kuna mbinu zote ambazo yule mzee alinisimulia bila kuwahi kuusoma: watu wanaingizwa kwenye uzio, kila mmoja anafungwa bangili ya plastiki mkononi, anapewa kikaratasi, anapelekwa mezani, anaandikwa, kaya inapewa kadi ya mgao, kidole kinachovywa kwenye wino usiofutika haraka ili asirudi mara ya pili.

"Wino ulikuwa unafutika," mzee aliniambia. "Mtu akitaka utafutika tu. Na mimi nilikuwa namwona, namjua, jana alikuja na watoto wawili, leo watano. Lakini mwanangu, utamwambia nini? Ana njaa kweli."

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo lote. Karani anayejua ukweli lakini hana mahali pa kuuandika.

Mwisho wa Benaco mnaujua. Desemba 1996 serikali yetu na UNHCR walitoa tamko la pamoja kwamba wakimbizi wa Rwanda wanatarajiwa wawe wamerudi kwao kufikia tarehe 31 mwezi huo. Wengi walijaribu kwanza kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wakazuiwa na kugeuzwa. Karibu nusu milioni walivuka daraja lile lile kurudi. Kadi zao za mgao ziligeuka makaratasi.

"MAENDELEO" KAMA JINA LA PROGRAMU

Haya, tuje kwenye kompyuta.

Mwaka 1999, wakati wa vita vya Kosovo, wafanyakazi wa Microsoft walitengeneza vifaa vya kusajili wakimbizi kwa kompyuta ndogo na kadi zenye picha. Mwaka 2001 kamati tendaji ya UNHCR ikapitisha azimio namba 91 lililohimiza usajili bora, pamoja na matumizi ya alama za mwili. Mwaka huo huo, jirani zetu Nairobi, ilifichuka kashfa ya rushwa kwenye ofisi ya UNHCR: nafasi za kupelekwa nchi za Magharibi zilikuwa zikiuzwa kwa wakimbizi, na ripoti ya wakaguzi wa Umoja wa Mataifa ikatoka mwanzoni mwa 2002. Azimio likidai usajili bora na kashfa ikionyesha hatari ya mafaili yasiyo salama, ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kuendelea kutetea daftari na wino.

Ndipo ukazaliwa mradi ulioitwa Project Profile, na kutoka humo programu iliyoitwa proGres, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mfumo wa kimataifa wa usajili wa Profile. Microsoft walisaidia. Mwaka 2004 ilikuwa imeshaanza kusambazwa. Mnaona walivyocheza na jina? Ukilitamka kwa haraka unasema "maendeleo" kwa Kiingereza. Tangu siku hiyo, mtu akikuuliza proGres imefikia wapi, anakuuliza maendeleo ya maendeleo!

Na swali hilo ndilo nililotaka kuliandika leo. Timu ya watengeneza programu ikisema "ndani ya miaka mitatu au mitano tutafika mahali fulani," wewe uliye nje, mwenye pesa au mwenye njaa, utajuaje kama wanafika kweli?

Wenyewe wanaita ramani ya safari. Si mpango wa wiki hii, ambao ni orodha ya kazi, wala si ndoto ya miaka ishirini. Ni ile ya katikati, na ya katikati ndiyo ngumu kuliko zote. Kazi ya wiki utaiona Ijumaa kama imefanyika. Ndoto ya miaka ishirini hakuna atakayekuwepo kuidai. Ahadi ya miaka mitatu iko karibu vya kutosha kudaiwa na mbali vya kutosha kusahauliwa.

Chukua basi la Dar es Salaam kuja Ngara. Linapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Lusahunga, ndipo Kasulo. Konda akipigiwa simu na tajiri wake anajibu, "Tumepita Nzega." Jibu zuri, kwa sababu Nzega ipo, haihami, na tajiri anajua kutoka Nzega hadi mwisho kuna nini. Hasemi "tumeshakanyaga mafuta asilimia sabini." Lakini timu nyingi za programu hujibu hivyo hivyo. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa ikitengenezewa mfumo wa kupokea habari kutoka mikoani. Kila kikao cha wiki tuliambiwa mfumo umefika asilimia 90. Wiki ya kwanza 90. Wiki ya tano 90. Wiki ya kumi, bwana we, 90! Hakuna aliyesema uongo. Kila wiki walimaliza kitu na kila wiki waligundua kitu kingine. Walichokosa ni Nzega: kituo ambacho mtu wa nje anaweza kukiona kwa macho yake. Kama wangesema "mwezi wa tatu mwandishi wa Bukoba atatuma habari moja na itatokea gazetini bila mtu kuichapa upya," tungejua siku ile ile.

VITUO VYA SAFARI YA proGres

Tuipime proGres kwa vituo vya namna hiyo.

Kituo cha kwanza: daftari liingie kwenye kompyuta. Hapa walifanikiwa. Ofisi nyingi duniani zikahama kutoka orodha za karatasi na mafaili ya kila ofisi kivyake, zikatumia programu moja yenye maswali yale yale. Mkimbizi wa Kigoma na wa Kakuma wakaanza kuandikwa kwa mpangilio mmoja. Kwa mtu aliyeona Benaco, hiyo si safari ndogo.

Kituo cha pili: mtu mmoja aonekane mara moja tu. Hapa ndipo barabara ilipoanza mashimo. Kwa miaka mingi, matoleo ya awali ya proGres yalikaa kwenye kompyuta ya ofisi husika. Kila kambi au ofisi na hifadhidata yake. Ukitaka picha ya nchi nzima unakusanya nakala. Mtu akiandikishwa kambi hii kisha akahamia ile na kujiandikisha upya kwa jina lililoandikwa tofauti kidogo, mifumo miwili ilimwona watu wawili. Kumbuka Kasulo na Kasulu! Sasa weka jina la Kirundi lililosikiwa na karani Mswahili na kuandikwa kwa tahajia ya Kifaransa. Yule mzee wa kibandani alikuwa na faida moja ambayo kompyuta hiyo haikuwa nayo: aliwajua watu kwa sura.

Toleo la nne, lililoanza kusambazwa katikati ya miaka ya 2010, lilikuja kujibu hilo: hifadhidata moja, inayofikiwa kupitia intaneti. Jibu zuri kwenye karatasi. Lakini liliibua swali ambalo toleo la zamani halikuwa nalo: kambi zipo mahali ambapo intaneti ndiyo kitu cha mwisho kufika. Hili nimejifunza kuliangalia kwenye kila ramani ya safari. Kituo kinachofuata mara nyingi hutegemea barabara ambayo timu yenyewe haiijengi.

Kituo cha tatu: mwili uwe ndio jina. Mwaka 2002 UNHCR ilianza kuwapiga picha za mboni wakimbizi wa Afghanistan waliokuwa wakirudi kwao kutoka Pakistan, kituo kikiwa karibu na Peshawar, ili mtu asichukue msaada wa nauli mara mbili. Mwaka 2013 mfumo mpya wa vidole kumi, mboni mbili na sura ulijaribiwa kambi ya Dzaleka nchini Malawi, kwa wakimbizi karibu 17,000. Mwaka 2015 ukatumika kwa mara ya kwanza kwa upana, huko Thailand. Unaitwa BIMS.

Tazameni mpangilio huo, maana unafaa kusifiwa. Kwanza kambi moja ya watu elfu kumi na kadhaa, ambako kosa likitokea linarekebishika. Kisha nchi moja. Kisha dunia. Kila hatua ina jibu la ndiyo au hapana: je, mtu akirudi wiki ijayo, mashine inamtambua?

NCHI 75

Mei 2016, kwenye mkutano mkuu wa masuala ya kibinadamu Istanbul, wafadhili na mashirika walitia saini makubaliano yanayojulikana kama Grand Bargain. Ndani yake UNHCR iliahidi waziwazi: kupanua usajili wa alama za mwili hadi kufikia nchi 75 kufikia mwaka 2020.

Hiyo ndiyo ahadi ya muda wa kati kwa maana yake halisi. Ina namba, ina mwaka, na imeandikwa hadharani mbele ya wenye pesa. Mwandishi wa habari hawezi kuomba zaidi. Na shirika lilitoa taarifa njiani: kufikia mwisho wa 2018 mfumo ulikuwa kwenye nchi 60 hivi, ukiwa na kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 7. Ukichora mstari kutoka 2016 hadi 2020 unaona gari linakwenda.

Lakini ngoja nikuulize, msomaji. "Nchi" ni kipimo cha nini?

Nchi yenye wakimbizi mia tatu mjini ni moja. Uganda yenye zaidi ya milioni nayo ni moja. Kama mimi ni meneja wa timu, mwaka umebaki mmoja na nimebakiwa na nchi kumi na tano, moyo utanituma wapi kwanza? Kwenye nchi ndogo zenye umeme na intaneti, bila shaka. Sisemi ndivyo walivyofanya, na ni haki kusema kwamba walitangaza idadi ya watu pia, si ya nchi peke yake. Nasema kipimo kina tabia yake. Kila kipimo humvuta mtu upande fulani, hata mtu mwema. Ndiyo maana ahadi moja inahitaji vipimo viwili vinavyovutana: nchi ngapi, na watu wangapi kati ya wanaostahili. Kimoja kikipanda na kingine kimelala, kaa uulize.

Uganda yenyewe ni somo. Mwanzoni mwa 2018 kulizuka tuhuma kwamba takwimu za wakimbizi zilikuwa zimevimbishwa, na maofisa kadhaa wa ofisi ya Waziri Mkuu wakasimamishwa. Serikali na UNHCR wakaanza uhakiki wa nchi nzima kwa kutumia BIMS, kuanzia Machi hadi Oktoba mwaka huo. Vitabu vilikuwa vinasema watu milioni 1.4. Waliojitokeza na kuhakikiwa wakawa kama milioni 1.1.

Pengo la watu laki tatu! Je, hayo ni maendeleo au ni kurudi nyuma? Ukiwa na kipimo cha "waliosajiliwa," namba imeshuka, timu imefeli. Ukiwa na kipimo cha "waliosajiliwa na wapo kweli," timu imefanya kazi kubwa kuliko zote za mwaka. Zoezi ni lile lile. Na tusikimbilie kusema wote laki tatu walikuwa hewa. Miongoni mwa wasiojitokeza wanaweza kuwamo waliohama, waliorudi kwao, wagonjwa. Mashine inakwambia nani amekuja. Kwa nini mwingine hakuja, haikwambii.

KITUO KISICHOCHORWA

Nilidhani nimemaliza. Kisha nikakumbuka habari za Kenya.

Kule kaskazini mashariki, wakati wa ukame na njaa, maelfu ya Wakenya wenye asili ya Kisomali walijiandikisha kambini Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula. Wengine walikuwa watoto, walipelekwa na wazazi. Miaka ikapita, wakafikisha umri wa kuomba kitambulisho cha taifa. Wakaweka kidole kwenye mashine. Mashine ikasema: huyu ni mkimbizi. Wakanyimwa kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna akaunti benki, hakuna ajira rasmi, hakuna kupiga kura. Maisha ya mtu mzima yakakwama kwa sababu ya sahani ya chakula aliyopewa akiwa na umri wa miaka sita.

Mfumo huo haukuharibika. Kwa vipimo vya ramani ya safari ulifanya kazi barabara: ulimtambua mtu, baada ya miaka mingi, bila kukosea. Ila ramani iliuliza "tunaingizaje watu?" na haikuuliza kwa uzito ule ule "tunawatoaje?" Ahadi ya Istanbul nayo inasema kupanua. Neno kufuta halimo kwenye sentensi hiyo.

Kuna pia habari ya Warohingya. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ikisema taarifa za wakimbizi hao zilizokusanywa na UNHCR pamoja na serikali ya Bangladesh zilipelekwa na Bangladesh kwa Myanmar, nchi waliyoikimbia, bila wengi wao kuelewa wanakubali nini. UNHCR ilijitetea kwamba watu waliulizwa. Mimi sikuwepo. Lakini nawaza Benaco: kama mwaka 1994 kungekuwa na mashine ya mboni, halafu orodha nzima ikawafikia wale viongozi wa komini?

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Sililii wino na bangili. Daftari lililovimba lilimnyima mjane mgao wake na kumnenepesha mwenye orodha. Watu waliokaa chini wakaandika programu, wakaahidi mwaka na namba, wakaitisha wengine wawahesabie hatua zao, walifanya jambo la heshima kuliko wengi wetu tunaoahidi bila tarehe. Ninachotaka ni maswali matatu yaongezwe kwenye ripoti zao za kila robo mwaka.

Moja: kituo kilichofikiwa, nani wa nje amekiona? Si meneja, si mfadhili. Mtu wa foleni.

Mbili: kipimo kilichotumika kinaficha nani? Kila kipimo kinaficha mtu, na timu iliyo makini inapaswa kumjua kabla hajaja kulalamika.

Tatu: mtu aliyeandikwa kwa makosa anachukua siku ngapi kusahihishwa? Swali hili, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko nchi 75. Kama kuingiza jina ni dakika kumi na kulisahihisha ni miaka kumi, basi hilo si daraja la Rusumo. Daraja la Rusumo watu walilipita kuja na wakalipita kurudi.

Tulipoagana, nilimuuliza mzee kama anakumbuka aliandika watu wangapi siku moja. Hakumbuki. Anakumbuka kitu kingine. Alisema kulikuwa na binti aliyefika mezani peke yake, mdogo, hakujua jina la ukoo wake wala komini yake, na fomu ilidai vyote viwili. Nyuma yake foleni inasukumana. Akamuuliza, unaitwa nani nyumbani? Akamtajia jina la utani. Akaliandika hilo hilo.

"Msimamizi akaniambia nimeharibu fomu," mzee akasema. "Nikamwambia sawa, lakini leo atakula."

Asubuhi yake nilipanda basi kurudi. Kwenye orodha ya abiria konda alikuwa ameniandika ninatokea Kasulu. Nikamwomba abadilishe. Akanitazama kama ninamchelewesha, akachukua kalamu, akaifuta "u," akaandika "o." Sekunde tano.

Nanyi huko mliko, mfumo gani mliahidiwa, mwaka gani, na umefika kituo gani? Na jina lako likikosewa humo, unajua mlango wa kubisha?